Kumgusa Kobe na Kungoja

Nimeombwa niwaandikie kwa upole, ninyi vijana mnaoanza kazi ya kuhudumia wanyama. Upole sina. Nilifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini katika kliniki moja ya wanyama upande wa Loresho, Nairobi. Nimeumwa na mbwa wa kila kabila na kuparurwa na paka wa kila dhehebu, na sikumbuki mnyama aliyenikasirisha hadi nikakosa usingizi. Walioniudhi ni watu, na zaidi ni wale wanaotazama kitu dakika moja, wakaharakisha kutangaza kwamba kimekufa.

Nitawaeleza habari za kobe. Msicheke. Mbwa akiwa mzima utajua kabla hujafungua geti. Ng'ombe akiwa mgonjwa atakuambia kwa masikio. Lakini kobe mzima, akipigwa na baridi ya Julai ya huku kwetu, anaweza kufanana na kobe mfu kutwa nzima. Hapo ndipo utajulikana kama wewe ni mhudumu au ni mtu aliyevaa koti la mhudumu.

Mimi sikusoma sana. Wazazi wetu waliondoka duniani wote wawili katika mwaka mmoja, nikiwa darasa la saba, nikabaki na wadogo wanne katika chumba kimoja Kangemi. Shule iliisha hapo. Sisemi haya ili mnihurumie. Nayasema kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kupima. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa mtu wa homa. Akilala sana mchana, nilimkuna wayo. Akivuta mguu na kunitukana, nilirudi kwenye nguo zangu nikaendelea kufua. Akivuta mguu bila kutukana, nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Siku moja hakuvuta kabisa, nikakimbia naye bila viatu. Alipona. Sasa ni fundi wa lifti mjini na bado ananitukana.

Kwa hiyo, nilipoajiriwa kufagia kliniki, jambo moja nilikuwa nalijua tayari: kati ya mzima na mfu kuna ngazi nyingi, na kazi yako ni kujua mgonjwa amesimama kwenye ngazi ipi. Nililijua kwa watu. Kwa kobe nilikuwa mjinga kama ninyi.

Aliyenitoa ujinga ni Mzee Wekesa, mhudumu mkuu wa siku zile, mtu wa Bungoma aliyevaa gambuti zake za mpira hata kanisani. Asubuhi moja alinikuta nakunywa chai.

"Njeri, mgonjwa wangu yuko wapi?"

"Yupi, Mzee?"

"Yule kobe wa maji aliyeletwa jana."

"Alikufa. Nimemkuta mezani hasongi. Nimemtikisa, nimemgonga, wapi."

"Umemweka wapi?"

"Kwa pipa."

Alinitazama, akakitazama kikombe changu. "Hata wewe asubuhi husongi mpaka upate chai. Kuna siku tulikutupa kwa pipa?"

Alimtoa yule kobe kwenye takataka, akamfungua kutoka kwenye gazeti nililomzungushia, akamlaza juu ya gunia la katani chini ya taa ya vifaranga. Mzee Wekesa alifuga kuku nyumbani kwake, na taa ile nyekundu ya kulelea vifaranga aliileta kazini kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu kliniki haikuwa na kitu kama hicho. Kufikia saa sita mchana kobe alikuwa amenyoosha shingo kama mtu anayechungulia ugomvi wa jirani. Mimi nilikuwa nimesimama kando na ufagio, sina pa kuangalia.

"Kosa lako si kumtupa," Mzee Wekesa aliniambia. "Kosa lako ni kumpima juu ya meza ya chuma. Alilala hapo tangu jana, meza imemnyonya joto lote. Kobe hana moto wake mwenyewe kama wewe. Ukimpima akiwa baridi, unapima meza."

Sasa sikilizeni, maana haya hayamo kwenye zile video mnazotazama.

Kwanza mpashe joto, polepole. Gunia au taulo chini, taa juu kwa umbali ambao mkono wako unaweza kukaa bila kuungua. Kama ni kobe wa maji, mweke katika karai lenye maji ya uvuguvugu yasiyofika puani. Usimchemshe. Kuna mwenzetu mmoja alileta maji ya chai, tukamfukuza na birika lake. Kisha ngoja. Saa nzima, saa mbili, wakati mwingine kutwa. Wengi wenu mtashindwa hapo hapo kwenye kungoja, kwa sababu simu zinawaita.

Akishapata joto, ndipo umguse. Usianze na gamba. Gamba ni nyumba. Ukigonga nyumba na mwenyewe amezimia, nani atafungua? Mguse kando ya jicho kwa pamba iliyoloweshwa. Aliye macho atafumba mara moja. Aliyelegea atafumba kwa uvivu, kana kwamba umemwomba. Shika mguu wa nyuma uuvute taratibu, uone kama anaurudisha na kwa nguvu gani. Gusa shina la mkia, kwa sababu mkia mara nyingi hujibu wakati vingine vyote vimenyamaza. Akianza kuamka, mwinue kwa mikono miwili: aliye na nguvu atapiga makasia hewani, aliyechoka ataning'iniza miguu kama nguo kwenye kamba. Na kila ukimgusa, hesabu kimoyomoyo hadi thelathini kabla ya kusema hakujibu. Jibu la kobe husafiri polepole. Usipolingoja, litafika umeshaondoka.

Siku hizi kuna mashine ya kusikiliza mapigo ya moyo. Ni nzuri, itumieni. Lakini moyo wa kobe unaweza kuendelea kudunda kwa saa nyingi hata baada ya mwenyewe kwenda, na ukiwa baridi unaweza kupiga taratibu kiasi kwamba mashine isisikie kitu. Mashine itakupa sauti. Kujua kama kuna mtu nyumbani ni kazi ya kidole chako.

Mzee Wekesa alistaafu, akarudi kwao, na taa akaniachia mimi. Madaktari walikuja na kuondoka. Nikageuka kutoka Njeri nikawa Auntie, na kutoka Auntie nikawa Shosho, bibi wa kila mtu. Ndipo ikaja ile Julai ambayo hadi leo nikiikumbuka nakosa usingizi.

Gari kubwa lilisimama langoni asubuhi. Akashuka mama mmoja wa Kitisuru, mtaa wa wenye pesa, miwani juu ya nywele, na nyuma yake mzee mwembamba amebeba karai. Ndani ya karai kulikuwa na kobe wa maji, mkubwa kama sahani ya wali, shingo imelegea nje ya gamba. Yule mzee aliitwa Ouma. Alikuwa ametunza bustani ya mama huyo miaka kumi na miwili. Alikuwa na wajukuu, lakini katika nyumba ile bado aliitwa shamba boi.

Mapokezi palikuwa pamejaa. Kulikuwa na mwanamke na mbwa wake mwenye kola ya plastiki, kijana na sungura, watu kama wanane hivi. Mama yule hakungoja kuingia chumba cha daktari.

"Huyu amemuua kobe wa watoto wangu," alisema, akimwonyesha Ouma kwa funguo za gari. "Jana nilimwambia aoshe kidimbwi. Amemwaga dawa ya kuoshea vyoo. Nataka mnipe ripoti, niende nayo polisi."

"Madam, nilitumia maji na brashi peke yake," Ouma alisema.

"Nyamaza. Watoto wamelia tangu alfajiri. Nimewaambia wewe ndiye uliyemuua."

Daktari wetu wakati huo alikuwa kijana, Daktari Mwenda, mwenye mikono safi na vyeti vingi. Sikuwa nimewahi kugombana naye. Alitoka, akamchukua kobe, akamlaza juu ya ile meza ya chuma. Akaweka mashine kifuani kwa muda mfupi, akatoa kalamu mfukoni, akagonga gamba mara tatu. Tatu! Kama mtu anayebisha mlango wa ofisi.

"Huyu amekufa," akasema, kwa sauti ya kufika hadi mapokezi. "Inaonekana ni sumu. Tutampeleka maabara wampasue, tupate uhakika."

Mama akamgeukia Ouma. "Umesikia? Usirudi kwangu. Nguo zako utazikuta getini." Akaondoka na gari lake, akamwacha mzee wa watu amesimama katikati ya mbwa na sungura, watu wote wakimtazama kama mchawi.

Niliambiwa nimtie kobe kwenye friji hadi mtu wa pikipiki wa maabara aje saa tisa. Nilimbeba. Nilipofika kwenye friji, mkono ulikataa. Sikuwa na uhakika kwamba yu hai. Msifikiri nilikuwa nabii. Nilikuwa na uhakika wa jambo moja tu, kwamba hakuna aliyempima. Nikapita friji, nikaingia stoo, nikawasha taa ya vifaranga.

Kisha nikatoka kumtafuta Ouma. Alikuwa ameketi kwenye benchi la soja, mlinzi wetu wa lango, kofia magotini.

"Mzee, niambie ukweli. Ulimwaga nini?"

"Dada yangu, mimi ni mtu wa kanisa. Maji na brashi."

"Huyu kobe hulala wapi?"

"Kwa tangi la kioo, ndani ya nyumba, lile lina kitu ya kupasha maji moto. Lakini juzi kulikuwa na bathdei ya mtoto. Madam akasema kobe atolewe akae kwa kidimbwi cha nje, wageni wamuone. Nikamwambia Madam, huko nje ni baridi. Akaniuliza kama mimi ni daktari."

"Akakaa huko nje muda gani?"

"Hiyo siku, usiku, kesho yake, na usiku tena. Hakuna mtu alisema arudishwe. Mimi sina ruhusa ya kuingia nyumba kubwa."

Hasira iliyonishika hapo sijui niwaelezeje. Kobe aliyezoea maji yaliyopashwa moto, siku mbili ndani ya maji ya Julai, na mtu anatafuta sumu!

Nilirudi stoo. Saa nne, kimya. Saa tano nikamgusa jicho, nikahesabu, kimya. Saa sita nikamhamishia kwenye karai la maji ya uvuguvugu, kichwa nimekiegemeza kwenye taulo. Daktari Mwenda akafungua mlango kutafuta glavu, akaniona nimechuchumaa chini ya taa nyekundu.

"Shosho, unaatamia?"

"Ndiyo."

Akacheka. "Hii imededi, Shosho. Ipeleke friji."

"Haijapimwa."

"Nimeipima mimi."

"Umeibishia hodi, Daktari. Hujaipima."

Kicheko kikaisha. Akaniambia kwamba maabara inakuja saa tisa, na kwamba nisipompa mtu wa pikipiki mwili ule, tutaongea ofisini. Nikamwambia sawa, tutaongea.

Saa nane na robo niligusa shina la mkia. Nikahesabu. Nilipofika kumi na saba, mkia ulisogea upande, kidogo tu, kama mtu anayesogea kwenye benchi la kanisa ili mwingine akae. Nikagusa tena. Ukasogea tena. Nilipiga kelele ambayo mbwa wote wa wodini waliijibu.

Daktari akaja mbio. "Hizo ni neva tu. Hata kuku hukimbia bila kichwa."

"Weka kidole hapa kwa mguu. Vuta. Sasa usiongee. Hesabu."

Aliweka kidole. Nilimwona midomo ikihesabu. Kisha uso ukabadilika, maana mguu ulikuwa umemvuta yeye. Kobe akafungua jicho moja, akatutazama wote wawili bila kupendezwa.

Mtu wa pikipiki alipobisha, nilimwambia mwili bado haujawa tayari.

"Tayari kufanya nini?" akauliza.

"Kuwa mwili."

Mngedhani hapo ndipo hadithi inaishia, na kwamba hasira yangu ilikwisha. Ngojeni. Nilimsikia daktari akipiga simu kwa yule mama. Sauti ile iliyotangaza kifo asubuhi hadi mapokezi sasa ilikuwa ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Na alichosema ni hiki: "Tumemwokoa, Madam. Sumu ilikuwa kidogo, tumeiwahi."

Sumu! Alikuwa amemshika kobe aliye hai mkononi, na bado hakutaka kuiacha ile sumu, kwa sababu kuiacha kungemaanisha kwamba alikosea. Ouma alikuwa palepale nje, amenunuliwa chapati na soja, akingoja kusikia kama yeye ni muuaji. Nilitoka nikamwambia kobe yu hai. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema jina la Mungu kwa Kijaluo. Kisha nikamwambia na yale mengine, kwamba bado wanasema ni sumu. Mikono ikashuka polepole.

"Kwa hivyo nimebaki nimejaribu kuua," alisema.

"Kesho njoo mapema," nikamwambia.

Mama alifika kesho yake saa nne, Ouma akiwa ameshasimama ukutani. Mapokezi palikuwa pamejaa tena, watu wengine kabisa. Daktari alitoka kumlaki, akaanza kueleza habari za sumu na bahati. Nikaja na karai, nikaliweka juu ya kaunta, kati ya daftari na kikapu cha paka wa watu. Kobe alikuwa ameinua shingo, anapiga maji kwa miguu ya mbele.

"Daktari," nikasema kwa sauti ambayo hata soja aliisikia, "hebu tusomee faili. Jana ulimpa kobe dawa gani ya sumu?"

"Shosho, tutaongea baadaye."

"Faili ndiyo hiyo mkononi. Dawa gani?"

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Ni mfanyakazi tu, Madam."

"Mfanyakazi anauliza dawa gani," nikasema. "Kama kulikuwa na sumu, iliondolewa na nini? Na taa ya vifaranga? Na maji ya uvuguvugu? Basi tuwapashe moto wote waliokula sumu Nairobi hii, tufunge hospitali."

Mwenye paka akacheka. Daktari Mwenda aliifungua faili, akapitisha kidole ukurasani. Nitampa haki yake: angeweza kunifukuza palepale, na hakunifukuza.

"Hakupewa dawa," akasema.

"Hatusikii huku nyuma," soja akasema kutoka mlangoni. Mungu ambariki.

"Hakupewa dawa yoyote!" Safari hii ilifika. "Hakukuwa na sumu. Alikuwa amepigwa na baridi. Nilikosea."

Mama yule alitazama karai, akatazama watu, akavuta miwani ikashuka machoni. Sikumuuliza ni nani aliyemtoa kobe nje. Nilitaka, ulimi ulikuwa umeshafika mlangoni, lakini Ouma alikuwa amesimama pale na sikuona haki kumsemea hata hilo. Mama akamwambia, kana kwamba ni asubuhi ya kawaida tu, "Ouma, chukua karai, twende kwa gari."

Ouma hakusogea.

"Ouma."

"Madam, jana uliniita muuaji hapa hapa."

"Sasa si amepona? Pole, basi."

"Toa hiyo 'basi', Madam."

Nilikuwa naogopa, nitawaambia kweli. Mzee mwenye wajukuu, nguo zake ziko getini kwa mtu, anasimama kudai neno moja.

"Pole, Ouma," mama akasema.

"Asante. Na watoto utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Utawaambia mimi nikiwepo," Ouma akasema, ndipo akachukua karai.

Aliendelea kufanya kazi pale Kitisuru hadi alipopata kazi nyingine, na alipoondoka aliondoka kwa miguu yake, na barua nzuri mkononi. Kobe alirudishwa kwenye tangi lake. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kupiga kelele mbele ya wateja. Niliisoma mara mbili nikakataa kutia sahihi, na mpaka nastaafu ilikaa kwenye faili langu bila jina langu. Bado nina hasira. Watu huniambia, Shosho, lakini kobe alipona. Alipona kwa sababu mkono wa mtu wa darasa la saba ulikataa kufungua friji. Kama ningetii, Ouma angefungwa kwa kosa la kuosha kidimbwi, na maabara wangempasua kobe aliye hai wakitafuta ushahidi.

Wiki moja baada ya hapo, Daktari Mwenda aliingia stoo nikiwa nakunja magunia. Akasimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Shosho, nionyeshe unavyomgusa."

Sikuwa nimemsamehe. Lakini alikuwa ameleta kobe wa mtu mwingine, mdogo, baridi kama jiwe la mtoni, na safari hii alikuwa amembeba kwenye taulo. Nikawasha taa, nikamvutia stuli.

"Kaa chini," nikamwambia. "Na hiyo simu iache nje."